Barua ya wazi kwa wakuu wa forodha: magendo yetu madogo yanazaliwa dirishani penu

KWA: Wakuu wa Forodha na Wasimamizi wa Kituo cha Mpakani, pande zote mbili
KUTOKA: Katibu wa kikundi cha wafanyabiashara wadogo wavukao mpaka
KUH: UKAGUZI WA MIZIGO MIDOGO NA MAGENDO YANAYOTOKANA NAO

Waheshimiwa,

Ninawaandikia hadharani kwa sababu faraghani tumekwisha kuwaandikia mara tatu. Barua ya kwanza tuliipeleka kwa mkono katika ofisi ya msimamizi wa kituo na nakala yetu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili tuliipeleka ngazi iliyo juu yake. Ya tatu ilikuwa ya kuulizia hizo mbili. Kwa zote tatu tumepata jibu moja tu, tena la mdomo, kutoka kwa mtumishi aliyekuwa amesimama mlangoni akielekea kwenye chakula cha mchana, kwamba suala letu linashughulikiwa. Tangu siku hiyo mwaka mzima umepita. Kituo chenyewe sikitaji hapa kwa jina. Ninyi mnakijua, kwa kuwa barua zote tatu zinakitaja, na nisingependa maofisa wa zamu moja wabebeshwe lawama ya utaratibu ambao hawakuutunga wao.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, niondoe dhana moja. Hatuombi mpaka ulegezwe. Tunakula chakula kilekile kinachopita pale, watoto wetu wanatumia dawa zilezile, na tunaelewa kwamba barabara na zahanati zinajengwa kwa ushuru na kodi. Wala sitajifanya kwamba sisi ni malaika. Kati yetu wapo wanaopita njia za panya, na mimi ninayeandika barua hii nimezipita mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeingia kwenye foleni saa moja asubuhi na mzigo wenye asili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao thamani yake haikufika hata robo ya kiwango kinachoruhusiwa chini ya utaratibu rahisi, na ilipofika saa nane mchana nikaambiwa kwamba fomu zimekwisha. Jioni ile mzigo ulivuka kwa pikipiki kupitia vichakani, nami nikavuka kwa miguu getini, mikono mitupu, nikagongewa muhuri wa uhamiaji kama msafiri asiye na chochote. Sijivunii jambo hilo. Nimelieleza kwa sababu asubuhi nilikuwa mfanyabiashara halali na jioni nilikuwa mtu wa magendo, na kati ya nyakati hizo mbili kilichobadilika ni karatasi iliyokosekana.

Karatasi hiyo inatokana na sheria ambayo ninyi mnaijua kuliko sisi, lakini naieleza kwa ajili ya wasomaji wengine wa barua hii. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini tarehe 2 Machi 2004 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2005, ikiwa na nia ya kuondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama. Ili mwenye mzigo mdogo asilazimike kupita katika taratibu zilezile za mwenye makontena, uliwekwa utaratibu rahisi ambao kwao shehena yenye asili ya Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachojazwa na kutiwa saini na afisa wa forodha palepale mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha peke yake. Kodi nyingine za ndani zinabaki pale ambapo sheria ya nchi inazitaka, na ukaguzi wa afya, mimea na viwango unabaki pia. Hayo hatuyapingi. Tunachopinga ni namna ambavyo haki iliyoandikwa kwa ajili yetu inafika kwetu ikiwa imekatwakatwa, na tumeyapanga malalamiko yetu kama ifuatavyo.

1. Viwango havionekani popote.

Ubao wa matangazo wa kituo una ratiba ya sikukuu, tangazo la zabuni la mwaka wa fedha uliokwisha, na picha ya jengo. Hauna orodha ya bidhaa zinazokubaliwa chini ya utaratibu rahisi, hauna viwango vya kodi, hauna ada za ukaguzi, wala hauna maelezo ya nani amlalamikie nani. Tulipouliza, tulielekezwa kwenye tovuti, ambako nyaraka zote ni za Kiingereza. Sasa, Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika ibara yake ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Na ikiwa kuna mahali popote ambapo watu wa Jumuiya wanahitaji kuwasiliana, basi ni kwenye dirisha la forodha. Nao Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017 na ambao nchi zetu zote mbili zimeuridhia, unaanza, katika ibara yake ya kwanza kabisa, kwa wajibu wa kutangaza taratibu, viwango, ada na adhabu kwa njia ambayo wahusika wanaweza kuipata bila taabu. Ubao wa mbao na karatasi nne zilizoandikwa kwa herufi kubwa vingetosha.

2. Cheti kinachotolewa bure kimekuwa bidhaa.

Hapa ndipo penye kiini cha barua hii, na naomba mnivumilie nikichukua nafasi.

Cheti rahisi kilikusudiwa kimwondolee mfanyabiashara mdogo ulazima wa kumlipa wakala wa forodha. Katika kituo chetu imekuwa kinyume. Siku nyingine fomu zimekwisha. Siku nyingine fomu zipo lakini afisa mwenye mamlaka ya kutia saini yuko kwenye kikao. Siku nyingine fomu na afisa wote wapo, lakini unaambiwa bidhaa yako "haieleweki vizuri" na kwamba ni heri ukamwone mtu fulani nje. Huyo mtu wa nje ndiye tunayemwita kishoka. Hana leseni ya uwakala, hana ofisi, hana hata meza, ila ana rundo la fomu zilezile ambazo ndani zimekwisha, na ana namba ya simu ya anayetia saini. Ukimlipa, cheti kinarudi kabla hujamaliza kufunga mzigo. Hatujui fomu zinatokaje dirishani mpaka mikononi mwake, na ingekuwa vyema kama ninyi mngejiuliza swali hilo kabla sisi hatujalazimika kulijibu kwa kukisia.

Haki inanitaka niseme pia mahali ambapo maofisa wako sahihi na sisi tumekosea. Wengi wetu tumekuwa tukidhani kwamba kitu kikinunuliwa upande wa pili wa mpaka basi ni cha upande wa pili. Sivyo. Asili ya bidhaa inafuata mahali ilipozalishwa au ilipofanyiwa kazi ya kutosha kuibadilisha, na duka ilimonunuliwa halihesabiwi; kitambaa kilichofumwa nje ya Jumuiya hakigeuki kuwa cha Jumuiya kwa sababu kimelala wiki mbili kwenye duka la jirani. Anayekitoza ushuru kitambaa hicho anafanya kazi yake, na katika vikao vyetu tumekuwa tukiwaambia wanachama wazi hivyo. Lakini ujinga wetu wa jambo hili umegeuzwa mtaji. Mtu anayebeba bidhaa iliyozalishwa na jirani yake shambani anatishiwa kwa maelezo yaleyale anayopewa mwenye kitambaa cha ng'ambo, na kwa kuwa hakuna orodha ukutani, hana cha kunyooshea kidole.

3. Tunalipa, lakini risiti hatuipati.

Malipo tunayotoa pale ni ya aina tatu: kodi halali, faini, na kile ambacho kila mtu anakijua kwa jina la kitu kidogo. Ugumu ni kwamba zote tatu hulipwa kwa mkono mmoja, kwenye benchi moja, na mara nyingi bila kipande cha karatasi, hivyo mlipaji hajui ametoa ipi. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Uwezeshaji Biashara nilioutaja inataka kila anayeadhibiwa kwa kuvunja sheria ya forodha apewe maelezo ya maandishi yanayotaja aina ya kosa na sheria iliyovunjwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 nayo ina njia halali ya kumaliza kosa bila kwenda mahakamani: kifungu cha 219 kinamruhusu Kamishna kufanya hivyo, kwa sharti kwamba mkosaji akiri kosa lake kwa maandishi. Maandishi, waheshimiwa. Kinachofanyika kwenye benchi letu kinaigiza kifungu hicho kikiwa kimevuliwa kalamu, daftari na Kamishna.

4. Upekuzi wa mwilini.

Sheria hiyohiyo inasema mwanamke asipekuliwe isipokuwa na mwanamke, na kwamba anayeambiwa atapekuliwa anaweza kudai kwanza afikishwe mbele ya afisa wa juu. Zamu za usiku katika kituo chetu mara nyingi hazina afisa mwanamke hata mmoja. Wanawake ndio wengi katika kikundi chetu. Sitaandika zaidi ya hapo kwenye barua ya hadharani; maelezo kamili yamo katika barua yetu ya pili, kwenye bahasha iliyofungwa, na tunataka kujua ni nani aliyeifungua.

5. Mizigo inakamatwa bila hati, na muda wa kukata rufaa unapita mwenye mzigo akiwa gizani.

Mzigo ukikamatwa, mmiliki ana haki ya kudai arudishiwe, na sheria imempa mwezi mmoja wa kufanya hivyo. Kama hakuwapo wakati wa kukamatwa, afisa anatakiwa kumpa taarifa ya maandishi yenye sababu. Kwa mwenye kontena, hayo hufanywa na wakili wake. Kwa mwenye kapu, mzigo huingizwa ndani ya bohari, mlango hufungwa, naye huambiwa arudi kesho. Bidhaa zinazooza huoza. Zisizooza huwa tunasikia zimepelekwa mnadani, na mnada huo hatujawahi kuona ukitangazwa kwenye ule ubao wenye picha ya jengo.

Mwanachama wetu mmoja alijifunza kusoma sheria akiwa mtu mzima, na ninamtaja kwa heshima bila kumtaja kwa jina. Aliandika ombi la mapitio chini ya kifungu cha 229 cha Sheria hiyo ya Usimamizi wa Forodha, ndani ya siku 30 kama kifungu kinavyotaka. Kifungu hicho kinampa Kamishna naye siku 30 za kutoa uamuzi, na kinaongeza jambo ambalo naona halisomwi sana: muda huo ukipita bila uamuzi kuwasilishwa kwa mwombaji, ombi linahesabiwa kuwa limekubaliwa. Siku ya 31 alikwenda kituoni na nakala yake yenye muhuri kudai mzigo. Alijibiwa kwamba habari za vifungu azipeleke mahakamani. Alirudi nyumbani, na tangu hapo anapita njia ya panya. Sioni ni kwa hoja gani ningemzuia.

6. Forodha ni dawati moja kati ya mengi.

Baada ya forodha kuna mkaguzi wa mimea, wa viwango, wa chakula, na watoza ushuru wa halmashauri, kila mmoja na saa zake. Jengo limekuwa la pamoja tangu Jumuiya itunge Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Forodha Mipakani, lakini kwa mtembea kwa miguu foleni zimebaki zilezile chini ya paa moja. Mengi ya haya yako nje ya mamlaka yenu. Tunawaomba tu muwe wa kwanza kuwaita wenzenu mezani.

Sasa niseme habari ya njia za panya zenyewe, kwa kuwa mara nyingi zinazungumzwa na watu ambao hawajawahi kuzikanyaga. Njia ya panya ina bei. Mwendesha pikipiki anakutajia kiasi kabla ya kupakia, na kiasi hicho ni kilekile cha jana na cha wiki iliyopita. Anajua doria ipo wapi, na mzigo ukipotea mikononi mwake anaharibu jina lake kijiweni. Inasemwa kwamba hata neno bodaboda lilizaliwa mpakani, huko Busia, kwa baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, kwa hiyo kazi hii si ngeni kwao. Dirisha lenu halina bei. Mfanyabiashara anayefika pale hajui kama siku yake itamgharimu saa moja au siku nzima, kodi peke yake au kodi na kitu kidogo, au mzigo wote. Mtu mwenye mtaji wa kuzungusha kwa wiki moja hawezi kuendesha biashara kwa kubahatisha namna hiyo. Anachagua gharama anayoijua, hata kama ni haramu, kuliko gharama halali asiyoijua.

Na gharama ile haramu si ndogo. Huko vichakani wenzetu wamepigwa, wamenyang'anywa, na zaidi ya hapo, na hawawezi kufungua kesi polisi kwa kuwa swali la kwanza litakuwa walikuwa wanafanya nini pale. Wakikamatwa, kifungu cha 200 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha kinawangojea: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili, bila kutofautisha kapu na lori. Nayo serikali inapoteza zaidi ya ushuru. Inapoteza ukaguzi wa dawa za binadamu na za mimea zinazopita bila kutazamwa, na inapoteza takwimu, kwa sababu mzigo usioandikwa haupo. Mnapopanga watumishi na bajeti ya kituo kwa kufuata mizigo iliyoandikwa, mnapanga kwa ajili ya mpaka ambao sio huu tunaouvuka.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa kuwa tumeyasikia kwenye korido.

Tutaambiwa watumishi ni wachache. Tunakubali, tumewaona wakichoka. Lakini tumewaona pia maofisa watatu wakilifungua kapu moja hadi chini huku lori likipita kwa kugongewa muhuri. Ukaguzi unaofuata kiwango cha hatari, ambao mikataba ya forodha ya kimataifa inauhimiza, maana yake ni kwamba nguvu iende palipo na hasara kubwa. Dirisha moja lenye afisa mmoja, saa nne kila asubuhi, kwa ajili ya mizigo ya chini ya dola 2,000 peke yake, lingepunguza kazi ya hao wengine.

Tutaambiwa kwamba wadogo wanatumiwa na wakubwa: tajiri ana mzigo wa lori, anaugawa mafungu ishirini, anawapa wanawake ishirini wavushe kila mmoja kwa cheti chake, kisha anaukusanya upande wa pili. Hili ni kweli, na ni zito kuliko majibu mengine yote, kwa hiyo sitalipita juu juu. Tunawafahamu wanaofanya hivyo na wanatuharibia, kwa sababu ni sisi tunaopekuliwa kwa ajili yao. Ila jiulizeni mnavyoweza kuwabaini. Mizigo ya namna hiyo inafanana: bidhaa moja, vifungashio vya aina moja, watu wanaofika ndani ya saa moja, na mara nyingi anayelipa ni mtu mmoja aliyesimama pembeni. Yote haya yangeonekana kwenye daftari la vyeti na risiti mwishoni mwa wiki, hata kwa mtu asiye na kompyuta. Kwa kuwa vyeti vinapatikana kwa kishoka na malipo hayana risiti, daftari la kumfichua tajiri huyo halipo. Anayelindwa na ukosefu wa karatasi ni yeye. Sisi karatasi tunaitaka.

Tutaambiwa wafanyabiashara hawajui sheria. Hilo nimelijibu nilipotaja ubao. Na mwisho tutaambiwa, kama tulivyokwisha kuambiwa, tulete majina ya wanaopokea rushwa. Waheshimiwa, anayelipwa leo ndiye atakayefungua mzigo wetu kesho, na wengi wao hawavai beji yenye jina. Mwaka 1993, katika mji wa Arusha, wakuu wa forodha wa dunia walipitisha Azimio la Arusha juu ya uadilifu katika forodha, wakalifanyia marekebisho mwaka 2003. Azimio hilo linasisitiza uongozi wa juu kuwajibika, kanuni kuwa rahisi, na mambo kufanywa kwa uwazi. Halikusema kwamba kazi ya kusafisha kituo ianze na mwuzaji wa kapu kuandika majina.

Kwa hiyo tunaomba mambo yafuatayo, na kwa makusudi tumeyafanya yawe machache na yasiyohitaji fedha nyingi:

(a) Orodha ya bidhaa za utaratibu rahisi, viwango, ada na njia ya kulalamika vibandikwe kwa Kiswahili kwenye pande zote mbili za kituo, na ibadilishwe kila bajeti inapobadilika.

(b) Liwepo dirisha la mizigo midogo kwa saa zinazojulikana, lenye fomu zenye namba za mfululizo, ili fomu ikikutwa nje ijulikane imetoka kwenye kitabu kipi.

(c) Kila malipo yawe na risiti, na kila faini na kila mzigo uliozuiwa uwe na hati inayotaja kosa, kifungu, na jina la afisa. Mzigo ukizuiwa bila hati, urudishwe siku hiyohiyo.

(d) Kila zamu iwe na afisa mwanamke. Zamu isiyo naye isipekue mwanamke.

(e) Maombi ya mapitio ambayo siku 30 zilipita bila uamuzi yashughulikiwe kama kifungu cha 229 kinavyosema, kuanzia lile la mwanachama wetu.

(f) Kiitishwe kikao kimoja na kikundi chetu, chenye kumbukumbu za maandishi, na wakaguzi wa madawati mengine waalikwe.

Kwa upande wetu tuko tayari kusaini yafuatayo: tutamfuta uanachama yeyote atakayethibitika kuvusha mzigo wa tajiri kwa jina lake, tutawafundisha wanachama maana ya asili ya bidhaa, na mtu wetu mmoja atakaa karibu na dirisha kila asubuhi kuwasaidia wasiojua kusoma kujaza fomu, bila malipo, ili kishoka akose kazi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke, muda uleule ambao sheria imewapa kwa maombi ya mtu mmoja mmoja. Siku ya 31 saa moja asubuhi wanachama wetu watakuwa kwenye foleni, mizigo mkononi, kila mmoja akidai cheti chake, risiti yake, na jina la anayemhudumia.

Nakala za barua zetu tatu, zenye mihuri ya kupokelewa, zimeambatishwa pamoja na nakala mnayopelekewa ofisini.

Wenu katika utii wa sheria,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha wafanyabiashara wadogo wavukao mpaka